Kamba ya Sambu

Mwaitu Mumbua, mama yangu kwa jina na binti yangu kwa damu,

Naandika nikiwa nimekaa ndani ya Sambu, kwenye kiti cha abiria, na karatasi nimeilaza juu ya ule ubao wa kukatia gasketi. Ni alasiri, na upepo wa Noonkopir unapiga mabati ya banda kama kawaida yake. Wewe na mama yako mmeenda Kajiado kumuaga nyanya yako kabla hujaenda kuanza kazi Nanyuki kesho. Mkirudi, nyumba itajaa shangazi na wajomba, chai na maombi, nami nitakuwa mtu wa kubeba viti. Kwa hivyo nimejificha huku mapema.

Jana uliniuliza kitu nami sikukujibu. Ulisimama mlangoni mwa banda hili, ukafuta mikono, ukasema, "Baba, Nanyuki niende na Sambu ama nimwache?" Nikainama chini ya meza kutafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika mkononi. Najua uliiona, maana ulicheka kidogo ukaenda zako. Barua hii ndiyo jibu. Itachukua muda kufika kwenye jibu lenyewe, lakini umenizoea. Hata nikieleza pampu iliyoharibika huwa naanzia siku kisima kilipochimbwa.

Habari za soksi nzito, baridi ya mlimani, kanisa la kwenda na watu wa kuepuka, mama yako atakuambia, na akimaliza atarudia. Mimi nataka kukueleza jinsi nilivyonunua gari hili. Ulikuwepo, lakini ulikuwa kidato cha pili, na mtoto wa umri ule huona mambo yote isipokuwa ujinga wa baba yake. Au labda uliuona ukanyamaza. Wewe na mama yako mnajua sana kunyamaza.

Unakumbuka Mzee Parmuat aliniita kwake, kule mbele ya Isinya, pampu yake ilipoanza kuvuta hewa badala ya maji. Ilikuwa likizo, nikakuchukua unishikie vyuma. Nilipomaliza nikaenda nyuma ya boma kunawa, na hapo ndipo nilipoliona. Gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, boneti refu la kutosha mtu mzima kulala, limekaa chini kabisa kwa sababu magurudumu yalikuwa yamezama udongoni. Kioo cha nyuma hakikuwepo. Ndani walikuwa wamejaa watoto wa mbuzi. Mzee alilipata kwa mhandisi mmoja mzungu aliyechimba visima sehemu zile zamani sana. Mzungu alikuwa anarudi kwao, wakabadilishana gari kwa fahali. Mzee mwenyewe hakuwahi kujifunza kuliendesha. Alilipendea mlio. Alituambia kwamba lilipokuwa zima, likiwashwa, ng'ombe wote wa boma wanainua vichwa. Lilipokufa akalifanya chumba cha watoto wa mbuzi, kwa sababu fisi hajui kufungua mlango wa gari.

Nilipoinua boneti nikaona silinda nane, nne huku na nne huku, nilisahau hata nilikotoka. Nikaanza kusifu. Nilisifu boneti, nikasifu injini, nikapiga paa makofi, nikamwambia mzee ana mali hapa na hajui. Mimi nilivyolelewa kule Machakos, ukitaka kitu unakisifu ili mwenyewe ajue una haja nacho. Kumbe kwa Mmaasai wa umri ule, mgeni anayesifu mnyama au kitu cha watu namna hiyo anakiitia mabaya. Mzee alikunja uso, akatema mate kidogo kando ya gurudumu ili kuyafuta maneno yangu, kisha akaanza kuzungumzia mvua. Kila nikirudi kwenye gari, yeye anarudi kwenye mvua.

Wewe ndiye uliyeniokoa. Tulipokuwa tunaondoka ulimwendea ukainamisha kichwa, vile nyanya yako alivyokufundisha, ukangoja mkono wake. Akakugusa utosini, akakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Ukamjibu kwa Maa, lugha ya kina mama yako, ukamtajia babu yako mzaa mama. Uso wake ukafunguka. Akaniambia nirudi wiki inayofuata, na nisije peke yangu.

Tuliporudi hakutaka pesa. Alisema pesa hazizai. Alitaka mtamba. Nami nilikuwa namjua mtamba mmoja mzuri sana, mweusi mwenye mabaka meupe, aliyekuwa anachungwa na mjomba wako Lemayian pamoja na ng'ombe wake mwenyewe. Kwa ajili ya yale mabaka alikuwa anaitwa Sambu. Shida ni kwamba alikuwa wa mama yako. Babu yako alimpa akiwa ndama, mwaka uleule aliotuacha, na kwao ng'ombe aliyepewa mwanamke si wa mumewe kuchukua anavyotaka. Mume ni mlinzi tu.

Sikumwuliza. Nilijiambia nitamweleza baadaye, akiona gari limepakwa rangi linang'aa, linabeba maharusi kutoka Kitengela hadi Matasia. Hayo ya maharusi niliyatunga njiani, nikiwa nimeshamfunga mtamba kwenye pikapu. Ukweli ni kwamba nilitaka gari. Maisha yangu yote yalikuwa pampu za watu, injini ndogo zinazokohoa, na nilitaka kitu kimoja chenye mlio ambacho hakuna mtu atakayenipigia simu kusema kimekwama. Nilikitaka kiasi kwamba niliogopa kuuliza, kwa sababu ukiuliza unaweza kuambiwa hapana. Lemayian alipomwona mume wa dada yake amekuja na kamba mkononi, alidhani tumekubaliana nyumbani, akanisaidia hata kumpakia.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Nilipomshusha mtamba kwa Mzee Parmuat, alimfungua ile kamba yangu shingoni, akaikunja, akanirudishia mikononi. Nilidhani ana kamba nyingi. Nikaitupa ndani ya pikapu. Kisha nikamwomba ufunguo wa gari. Akasema ufunguo haukuwa kwenye mambo tuliyokubaliana. Nikajua basi, umepotea, na mzee wa watu anaona haya kusema. Nikamhurumia. Mwaitu, nilimhurumia kabisa.

Safari ya kurudi nyumbani naamini huwezi kuisahau. Tulilifunga kwa mnyororo, wewe ukakaa ndani yake kushika usukani, tukalivuta, na mbuzi majike wakatoka mbio nyuma yetu wakilia, kwa sababu chumba cha watoto wao kilikuwa kinaondoka. Tulikuwa tumekaribia Isinya uliposikia kitu kinalia chini ya kiti. Mtoto wa mbuzi alikuwa amebaki. Mimi nilitaka kumpigia mzee simu, nimwambie nitamleta siku nyingine, maana jua lilikuwa kali na mnyororo unalegea. Wewe ulimweka mapajani ukasema, "Baba, mama yake anamtafuta sasa, si siku nyingine." Tukageuza. Huo ulikuwa uamuzi wako wa kwanza kuhusu gari hili, na hadi leo sijaona wako uliokuwa mbaya. Mzee alipokuona unashuka na yule mtoto kifuani, hakusema asante, lakini aliagiza tupewe maziwa.

Hapa Noonkopir watu walicheka hadi wakachoka. Walisema Baba Mumbua amebadilisha ng'ombe na banda la mbuzi, na kwa harufu iliyokuwemo sikuwa na la kujitetea. Mama yako ndiye hakucheka. Alinisikiliza nikieleza, nikafika kwenye maharusi, akainua mkono ninyamaze. Akalizunguka gari polepole kama mtu anayekagua ng'ombe aliyetoka kununuliwa. Bodi lilikuwa na rangi ya zamani hapa, kutu pale, bati jeupe kwingine. Akasema, "Basi huyu ndiye Sambu wangu. Hauzwi, haazimwi, na hapakwi rangi bila mimi kuulizwa." Akaingia jikoni. Nililala na njaa siku hiyo, ingawa chakula kilikuwepo mezani, kwa sababu nilishindwa kukigusa.

Nakueleza haya si kwa sababu huyajui. Nataka uyaone nilivyokuja kuyaona mimi. Ukipenda kitu sana, Mumbua, na wewe umenirithi kwa hilo, utajikuta unatafuta njia ya kupita kando ya mtu mmoja anayeweza kukukatalia. Mimi huo mtindo ninao hata leo. Njia huwa ipo, tena huwa rahisi. Kile unachokipata kwa njia hiyo unakifurahia huku unaangalia mlango.

Ufunguo sasa. Kwa kuwa nilikuwa na hakika umepotea, Jumamosi moja nilichukua drili nikatoboa kitasa cha kuwashia. Chuma cha zamani hakitaki mchezo. Nilivunja misumari ya drili moja baada ya nyingine, nikatukana kwa Kikamba ili usielewe, na ulielewa yote. Mama yako alitoka jikoni na kikombe cha chai, akasimama pale mlangoni akinitazama, akanywa polepole mpaka akamaliza. Nilidhani hatimaye ameanza kuvutiwa na kazi yangu. Kitasa kilipotoka vipandevipande nikafunga vitufe viwili vya pampu ya kisima, cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima, na nikajiona bingwa. Wewe uliokota vile vipande vya kitasa ukavitia kwenye kopo. Nilikuuliza ni vya nini, ukasema havina kazi ila si vyetu kutupa, ni vya Sambu.

Kwa miaka mingi tulifanya kazi pamoja na mimi nikiamini kwamba ninakufundisha. Ile sakafu, kwa mfano. Mkojo wa mbuzi ulikuwa umeila kabisa, lakini juu ilionekana ni kutu ya kawaida. Mimi nilitaka tuweke kapeti nzito, tuendelee na injini. Ulichukua grainda ukakata. Kila nikikuambia inatosha, unagonga pembeni kwa nyundo, unasikiliza, unakata tena. Ilifika mahali nikasimama ndani ya gari nikiwa nimekanyaga ardhi ya banda. Nilienda kukaa nje kwa sababu nilijua umeliua. Kisha ukaniomba lile tangi la maji lililopasuka, lililotoka kwa mteja wangu wa Tuala, ukalikata, ukalikunja, ukalichomelea mshono kwa mshono. Nimekanyaga sakafu hiyo sasa hivi ninapoandika. Haitikisiki.

Na breki. Hii naandika nikiwa na haya, lakini ni haya ya kuchekesha. Uliniambia, "Baba, hapo ni mafuta ya breki peke yake, hata kifuniko kimeandikwa." Nikakujibu kwamba nimekuwa nikimimina oili tangu kabla hujazaliwa, nikajaza oili ya pampu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mipira yote ikavimba. Siku tulipotoka kulijaribu barabara ya Namanga, magurudumu yakashikana yenyewe, moshi ukatoka, tukasimama kando ya barabara mchana mzima huku wachungaji wakija kuuliza kama tunauza nyama choma. Ulifungua kila bomba, ukatoa kila mpira, ukasafisha kwa siku nyingi. Sikuwahi kukusikia ukisema, "Nilikuambia." Nilingoja useme. Ningeona nafuu kama ungesema. Badala yake uliniita nishike taa, ukanionyesha mpira mmoja uliovimba na mmoja mzima, ukaniuliza kama naona tofauti, kwa upole, na tangu siku ile mimi ndiye niliyekuwa nikishika taa.

Huko Nanyuki, kwenye gereji ya magari ya zamani, utakutana na wanaume watakaokuona msichana mwenye spana na watamimina oili popote wanapotaka. Sijui watakuwa watu wa namna gani. Najua mmoja wao alikuwa baba yako, na ulimrekebisha bila kumvunja. Sijawahi kukuambia nilichojifunza siku ile, basi nakuambia sasa: nilijifunza kwamba fundi wa nyumba hii ni wewe. Nilikuwa na furaha na wivu kwa pamoja. Wivu uliisha ndani ya wiki. Furaha bado ninayo, na nikikutana na watu stendi naianza hadithi yako wanapokuwa wameshaniaga.

Injini ilipokubali kuwaka ulikuwa umetoka tu chuoni. Ulibonyeza kijani, ikakohoa, ikakataa, ukabonyeza tena, na mlio ukatoka ambao uliangusha sufuria kwenye rafu ya jirani. Mama yako alikuja na mwiko mkononi. Akaweka kiganja juu ya boneti, akaacha kitetemeke pale. Halafu akasema tu, "Amelia." Nilimwona akigeuka upesi ili tusimtazame machoni. Kesho yake akatangaza rangi: nyeusi, na mabaka meupe ubavuni na juu ya paa. Fundi wa rangi aliuliza mara mbili kama tuko na akili. Wewe ulimchorea mabaka yale kwa chaki, na mama yako akikuelekeza kutoka kumbukumbu zake, hili lishuke kidogo, lile lilifika mpaka pajani. Hakuna gari jingine kama hili Kenya nzima, na sasa hakuna anayecheka.

Halafu ukasema lazima Mzee Parmuat alione.

Nilikuachia usukani. Tulipoingia bomani ng'ombe wote waliinua vichwa, kama alivyosema. Mzee alitoka na fimbo yake, macho yamefifia, akitembea kwa kuufuata mlio. Ulizima injini ukashuka, ovaroli imejaa grisi, mrefu kumpita yeye, na bado ukainamisha kichwa ungoje mkono wake. Alikugusa utosini akauacha mkono pale. Kisha akalipapasa gari lote, baka kwa baka, ingawa sidhani aliyaona vizuri. Akaingia nyumbani kwake, akakaa sana, akatoka na ufunguo umefungwa kwenye kamba ya ngozi.

Nilihisi masikio yanapata moto. Nikamwuliza kwa nini hakunipa siku ile. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Wewe uliniletea ng'ombe, nikakurudishia kamba yako. Mtu anauza ng'ombe, kamba anabaki nayo. Nikikupa gari na kamba yake, mimi nitafunga nini tena hapa kwangu?" Kisha akakugeukia wewe. "Lakini ile gari niliuza ilikuwa imekufa. Hii umezaa wewe. Kamba ni yako." Akakuvika shingoni.

Njiani hukusema kitu kwa heshima yangu, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Tulipofika nyumbani nilimweleza mama yako nikitaka anishangilie. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua hata kichwa. Alisema, "Wewe hukuniuliza juu ya ng'ombe wangu. Na mimi sikukuambia juu ya kamba." Kile kikombe cha chai, Mwaitu! Alikunywa chai yote akinitazama nikitoboa kitasa, akijua ufunguo uko salama kwa mzee. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, na nadhani ndiyo siku lile jambo la mtamba lilipoisha kati yetu. Lilikuwa limekaa nyumbani humu muda mrefu kama mgeni ambaye hakuna anayemtaja.

Nawe ukaleta lile kopo. Vipande vyote vilikuwemo. Uliviunga, ukachonga vilivyoharibika kabisa, ukajaribu, ukachonga upya, na juzi ukaniita ukageuza ufunguo wa Mzee Parmuat na Sambu akaitika kama vile hakuwahi kutobolewa. Vitufe vyangu vya kijani na chekundu hukuvitoa. Uliviacha palepale chini ya dashibodi, vikifanya kazi. Nilitaka kukushukuru kwa hilo nikashindwa, nikakuambia tu ufagie vumbi la chuma.

Sasa jibu lako. Jana sikujibu kwa sababu nilijiona naanza tena. Kichwani nilikuwa nimeshakupa gari, nimeshakufungulia geti, nimeshapunga mkono, na mwenye Sambu alikuwa ndani anakunja nguo zako. Kwa hivyo leo asubuhi, kabla hujaamka, nilikaa jikoni nikamwuliza mama yako kama ananiruhusu nikupe. Nilikuwa nimejiandaa kwa hapana. Nilikuwa na hofu ileile ya zamani, mtu mzima na mvi zangu.

Aliendelea kukoroga chai. Akasema, "Sambu alikuwa wa Mumbua tangu ndama. Baba alinipa nimtunzie. Ulichukua kitu ambacho hata mimi sikuwa na ruhusa ya kukitoa." Akaniwekea kikombe mbele yangu. "Lakini leo umeuliza," akasema. "Kunywa chai."

Basi nenda naye. Hakuwa wangu kukunyima wala kukupa. Ni mali yako tangu babu yako akiwa hai, akapita mikononi mwangu kwa njia mbaya, na wewe ukamrudisha kwa mikono yako hadi akawa bora kuliko alivyoondoka. Ukiingia Nanyuki na yale mabaka na ule mlio, watu wa huko wainue vichwa. Mimi nitakuwa hapa nimesimama kwenye mafuta yaliyomwagika ardhini mahali alipokuwa amekaa, na nakuambia wazi kwamba nitalia, na pia kwamba sijawahi kujivunia kitu chochote duniani kama ninavyojivunia wewe. Hata hili gari, ambalo nililitaka kupita kiasi, nililitaka kidogo nikilinganisha na ninavyofurahi kuwa baba yako.

Limebaki jambo moja, na hili ni ombi. Mzee alisema kamba ni yako, kwa hivyo siwezi kuichukua bila kukuuliza. Vitasa vya milango ulishaweka vipya, na ile swichi ya kuzuia wezi uliyoificha tunaijua mimi na wewe tu, na kijani bado kinamwasha, kwa hivyo ufunguo ule hutauhitaji barabarani. Pale mlangoni kwa jikoni, kwenye msumari, nimetundika ile kamba yangu ya mtamba. Niliitafuta, ilikuwa bado chini ya viti vya pikapu, imekauka lakini nzima. Ningependa ufunguo ukae nayo. Sitaki boma hili lisahau kwamba ulikuwa wetu kabla hujawa wa huko. Ukitaka kwenda nao, nenda nao, sitanuna, na ukinuniwa na mtu atakuwa si mimi.

Usinijibu leo mbele ya wageni. Kesho ukikaa kwenye usukani nitakuwa nimesimama upande wa dirisha lako, nikijifanya naangalia tairi. Nitakuwa naangalia mkono wako. Ukibonyeza kijani, nitajua umeniachia kamba.

Mwanao na baba yako,
Baba Mumbua